Tulivyolinyoosha Duka la Bi Zuhura

Mtu akisikia nimestaafu, kwanza hunitazama kichwani akitafuta mvi. Hazipo. Mimi bado ni kijana, na mama yangu bado huniuliza kama nimekula. Kilichozeeka ni kazi yangu. Nilikuwa fundi wa maduka ya mbao za kupanga, na maduka hayo katika miji ya Kasulu na Kibondo yamekwisha. Limebaki moja, nalo kwa sasa halina ugonjwa. Kwa hiyo nimeweka randa chini, nimerudi Makere kulima maharage, na ninawaandikia ninyi wadogo zangu mnaoshinda kijiweni mkisubiri kuitwa kwenye ujenzi wa fremu. Ninaandika polepole. Shule yangu iliishia darasa la saba, na hata huko nilikuwa yule mtoto wa dawati la nyuma anayelijua jibu na kulimeza. Msinihimize.

Kwanza niwaeleze tunazungumzia nini, maana wengine wenu mlipozaliwa mlikuta mageti ya kukunja. Duka la zamani lilijengwa kwa tofali bichi, ukuta mnene hata dirishani mtoto anaweza kulala. Juu, mbele ya bati, ukuta ulipandishwa kidogo ili bati lisionekane kutoka barabarani, ukapambwa maua ya chokaa. Ninyi mngeuita urembo wa bure. Chini yake kulikuwa na baraza lenye nguzo za mninga, na mabaraza yalishikana duka kwa duka. Mvua ikinyesha ungeweza kutoka msikitini hadi karibu na soko bila kulowa, ukisalimia watu njia nzima. Kwangu mimi hilo la kusalimia ndilo lililokuwa gumu. Mara nyingi nilichagua mvua.

Mlango haukuwepo. Mbele ya duka palikuwa wazi kabisa, upana wote. Jioni mwenye duka alitoa mbao ndefu, akaziingiza moja moja. Juu, kwenye boriti, kuna mfereji wenye kina. Chini, kizingitini, kuna mfereji mfupi. Unausukuma ubao juu, unauweka mguu wake sawa na mfereji wa chini, unaushusha, kisha unausogeza hadi mwisho wa ukuta. Halafu unaofuata. Ubao wa mwisho una komeo kwa ndani, na mafundi tuliuita bibi harusi, kwa sababu wote wanamsubiri yeye na asipofika hakuna sherehe. Mwenye duka akishamwingiza bibi harusi anabaki ndani, anapita uani, anakwenda kula.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Kibondo. Mama alinipeleka kwa Fundi Bukuru, mtu wa Munanila, mfupi, mwenye maneno ya watu wawili.

"Mwakeye, fundi," mama akamsalimia. "Huyu mtoto haongei. Nimefikiri labda atafaa kwa mbao."

"Anaogopa nini?"

"Watu."

"Basi amefika. Nimechoka kubishana na wasaidizi juu ya paa." Akanigeukia. "Una swali?"

Nilikuwa nayo mengi. Nikatikisa kichwa.

"Mnaona?" akasema, ingawa tulikuwa watatu tu. "Huyu nitamzeesha mimi."

Akanipa kipande cha nta ya nyuki na kunionyesha mfereji wa kizingiti. Nikapaka nta siku nzima. Hilo lilikuwa somo la kwanza, nami nawapa bure: mfereji wa mbao usiupake mafuta. Mafuta hushika vumbi, vumbi huwa udongo, na baada ya masika utakuta mwenye duka anapanda mchicha kizingitini. Paka nta. Somo la pili: ubao ukivimba wakati wa mvua usiukimbilie na randa. Ukiuranda umelowa, kiangazi utalegea, na mwizi atampungia mkono mwenye duka kupitia upenyo. Mwambie mteja avumilie. Atakutukana. Mwache.

La tatu, ukuta wa tofali bichi usiupige lipu ya saruji. Najua mnapenda saruji. Lakini tofali bichi linapumua, na saruji ni kama kumvalisha koti la mvua mtu aliyekwisha kulowa. Kwa nje atapendeza. Ndani anaoza. Mwaka unaofuata lipu nzima inashuka kama chapati, na wewe ndiye utakayetafutwa.

Kesi moja ya Kibondo siwezi kuiacha. Mwenye duka la sukari alilalamika kwamba ukuta wake wa juu unalia. Bukuru alipanda, akabisha hodi kwenye maua ya chokaa kama mgeni mstaarabu, nayo yakamjibu. Nyuki walikuwa wamejaa kati ya bati na ukuta, muda mrefu kiasi kwamba asali ilikuwa imeanza kuchora mstari ndani ya duka, na mwenye duka alidhani ni kutu. Bukuru alishuka bila kutumia ngazi. Tulirudi na mrina asali wa Murungu, akatoa ndoo na ndoo. Yule bwana aliuza sukari yake yote ile wiki kwa uchungu, akitazama juu.

Ndivyo tulivyoendelea, Kibondo, kisha Kasulu. Kila tulipomaliza duka moja, mawili yalikuwa yamebomolewa. Mpaka la mbao likabaki moja tu, la Bi Zuhura, pale Kasulu, mtaa ambao mabaraza yalikuwa bado hayajakatwa.

Bi Zuhura ni mjane. Watu wa mumewe walitoka pwani, na yeye mwenyewe huongea Kiswahili kilichopigwa pasi. Anauza vitenge, kandili, sabuni na vitu ambavyo ukiviulizia maduka mengine wanacheka. Barazani kwake, miaka yote, ameketi fundi cherehani anayeitwa Nestori. Wazazi wa Nestori walikuja kutoka Burundi kama wakimbizi, yeye sasa ni raia, na cherehani yake imekaa pale hadi miguu yake imechimba vishimo sakafuni.

Shida ilianza kwenye mbao za katikati. Boriti ya duka ilikuwa imepinda, imeshuka katikati kama mgongo wa punda, na kila masika mbao za katikati zilinasa. Bi Zuhura alisukuma, akaumia bega, akamwambia mwanawe kwa simu. Mwanawe ni Rajabu, anauza vioo na alumini Dar es Salaam. Rajabu akajibu kwamba anakuja. Angebomoa mbele yote, aweke kioo hadi ukingo wa baraza, na geti la chuma.

Bi Zuhura alituita akatueleza mapatano yao. "Nimemwambia, ukifika ukanikuta siwezi kufunga duka langu kwa mikono yangu, bomoa, sitasema neno. Ukinikuta nafunga, kula ubwabwa, urudi ulikotoka."

"Na kioo kikifika ukingoni, baraza litakuwa wapi?" Nestori aliuliza bila kuinua macho kwenye pindo.

"Litakuwa ndani ya kioo."

"Na mimi?"

Bi Zuhura akaanza kukunja kitenge kilichokwisha kukunjwa. Nestori akakata uzi kwa meno. "Mimi familia yangu ilishahama mara moja," akasema. "Sitaki kuwa mzoefu."

Sasa, mjue kwamba siku zile Fundi Bukuru alikuwa amenunua pima maji mpya. Ile ya zamani ilikuwa na kioo kilichopasuka, tukapima kwa jicho na timazi. Hii mpya ilikuwa ya njano, na aliipenda kuliko inavyofaa. Aliipima meza ya mama ntilie, akamwambia imeinama, akanyimwa mchuzi. Alipima kaunta ya duka la dawa. Aliwahi kuniwekea begani akaniambia nina mteremko wa kushoto.

Alipoiweka chini ya boriti ya Bi Zuhura, kile kiputo kilikimbilia pembeni kama mtoto aliyeona mbwa.

"Huu ndio ugonjwa," akasema. "Tunainyoosha."

Nami niliona ni sawa. Kila mtu aliona ni sawa. Boriti yenyewe ilikuwa nzima, mninga mtupu, bila ufa wala mchwa. Ilipinda zamani ikatulia hapo. Tuliazima jeki mbili za lori la maharage, tukaziweka chini ya boriti upande wa ndani, tukapandisha kidogo kidogo, tukasikiliza, tukapandisha tena. Chokaa ilidondoka. Bi Zuhura alikuwa uani akisoma dua. Boriti iliponyooka, tulisimamisha nguzo mbili nyembamba chini yake kwa ndani, tukazikaza kwa kabari, tukatoa jeki. Bukuru aliweka pima maji, na kiputo kikakaa katikati kimetulia kama bwana shamba. Watu wa barabarani walipiga makofi. Ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kuziona, nasema kweli.

Jioni Bi Zuhura akaja kufunga. Ubao wa kwanza, vizuri. Wa pili, vizuri. Alipofika katikati, aliusukuma ubao juu, akaushusha, akauachia, na ubao ukamwinamia kama mtu anayeomba radhi. Bukuru aliudaka. Akaujaribu mwenyewe. Kichwa cha ubao hakikuufikia mfereji. Uliofuata hivyo hivyo. Kati ya mbao na boriti palibaki upenyo, na paka wa jirani alikuja akaupima, akapita.

"Mbao zimekuwa fupi!" Bukuru akasema.

Nestori aliacha kukanyaga cherehani. "Asubuhi zilikuwa ndefu. Zimefupika saa ngapi, zilipokwenda kula?"

"Usinitanie, Nestori."

"Sikutanii. Nauliza nijue, nina suruali nyumbani."

Bukuru alilazimika kulala pale dukani kama mlinzi, na kesho yake mchana Rajabu alitarajiwa kushuka kwenye basi.

Asubuhi tulikaa barazani tumezunguka ubao mmoja kama watu waliofiwa. Bukuru alipigilia kipande cha mti kwenye kichwa chake ili aurefushe. Bi Zuhura aliuinua mara moja, kipande kikakwanyuka, kikaanguka kwenye kandili. Kuchonga mbao mpya hatukuweza, maana mninga mkavu wa upana ule haukupatikana, na mbichi ingejipinda kabla ya Ijumaa. Bukuru aliitazama pima maji yake. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alikuwa hana neno, nami nikajua tumekwisha, maana maneno ya kazini yote yalikuwa ya kwake.

Nestori ndiye aliyesema.

"Nina mteja mmoja, mzee, mgongo umepinda. Nilimshonea koti. Nyuma refu, mbele fupi. Ukilitundika kwenye msumari watu wanacheka. Akilivaa, ni bwana harusi."

"Sasa?" Bukuru akasema.

"Sasa kama wewe ungemnyoosha yule mzee usiku, asubuhi koti lingemkataa. Ungekuja kuniambia koti langu bovu."

Bukuru akainuka, akachukua mbao, akazisimamisha ukutani moja moja kwa mpangilio wake. Tukaona wote. Za pembeni ndefu, zinazofuata fupi kidogo, za katikati fupi zaidi, halafu zinapanda tena. Vichwa vyao vilichora mgongo wa punda vilevile. Miaka yote, kila boriti iliposhuka kidogo, marehemu mume wa Bi Zuhura alikuwa akizipunguza mbao kidogo kwa randa yake. Zilikuwa zimeshonwa kufuata mgongo.

"Unataka nilipindishe duka," Bukuru akasema.

"Oya, hapana. Mimi sijasema. Mimi nasema sijawahi kumnyoosha mteja."

"Nimefanya ufundi miaka yote hii, nije nilipwe kwa kupindisha!"

Bi Zuhura alikuwa amesimama mlangoni pa uani. "Pindisha, baba," akasema. "Lakini kidogo kuliko juzi. Juzi lilikuwa linanibana."

Hapo ndipo kazi ilipopatikana. Jeki zikarudi. Mbao zote zilitakiwa kuwa mahali pake ili tujue boriti ishuke hadi wapi. Kwa hiyo duka lilifungwa, Bukuru na dereva wa lori wakabaki ndani na jeki, na mimi nikabaki nje barazani, kiganja kwenye mbao za katikati. Ndani palikuwa giza, hawakuona kitu. Mimi tu ndiye niliyeona.

"Kichwa cha ubao kizame mfereji wa juu kiungo kimoja cha kidole," Bukuru aliniambia kupitia upenyo. "Kikipita hapo, mbao haziinuki tena, na boriti itazipasua. Kikifika, sema. Sema kwa nguvu."

Nilijibu "Ego", ndiyo ya kwetu, na hata hiyo hakuisikia.

Wakaanza kushusha. Na mvua ikaanza. Mnaijua mvua yetu inapokuta bati kuukuu. Watu wakakimbilia barazani kutoka kila upande, wenye beseni, wenye baiskeli, wanafunzi, nikazungukwa na watu nisiowajua, na wote wakinitazama kwa kuwa nilikuwa nimekumbatia ubao. Shingo yangu ikawa ya moto. Boriti ilikuwa inashuka. Upenyo ukaziba. Kichwa cha ubao kikagusa mfereji, kikaingia.

"Hapo," nikasema.

Hata mimi sikujisikia. Mwanafunzi mmoja akamwambia mwenzake, "Anaongea na mbao."

Boriti iliendelea kushuka. Ubao chini ya kiganja changu ukaanza kukakamaa, ukatoa mlio mwembamba. Nikamtazama Nestori, nikitaka aseme yeye, lakini alikuwa upande wa pili wa watu na mdomo umejaa pini. Nilimwona anajaribu kuzitema. Nikaona atachelewa.

"HAPO!"

Mama mmoja aliangusha beseni la ndizi. Mbwa aliingia mvuani bila kuaga. Ndani, Bukuru aliuachia mpini wa jeki kama umemchoma.

"Yebabawe!" Nestori akasema, pini zikimdondoka. "Kumbe sauti ulikuwa unaiweka akiba!"

Nilijaribu ubao. Uliinuka. Ukashuka mahali pake, laini, kwa nta. Ndani nilisikia nyundo ikikaza kabari za zile nguzo mbili, na Bukuru akimwambia dereva, "Limepinda, ndiyo. Lakini sasa limepinda kwa makusudi."

Tulikuwa tukiokota ndizi za yule mama, Rajabu alipofika, amelowa, futi ya kupimia mkononi. Ni mtu mpole, mnene, mwenye salamu nzuri. Alimbusu mama yake mkono, akatusalimia wote, kisha akainua macho.

"Mama, mbona boriti bado imepinda?"

"Hata mimi nimepinda. Simama hapo hapo barazani, usinisaidie."

Mbao zilikuwa zimetolewa zote, zimepangwa ndani. Bi Zuhura aliingia, akajifunga kanga kiunoni, akaanza. Ubao wa kwanza. Wa pili. Baraza zima lilikuwa linatazama, na kila ubao ulioingia watu waliitikia kama kwenye dua. Alipofika katikati Bukuru alifumba macho. Nestori aliweka mkono juu ya cherehani yake kama mtu anayemshika mtoto karibu na barabara. Bi Zuhura akasukuma juu, kwa bega lile zima, akashusha.

Tak.

Ukaingia. Na uliofuata. Tukaanza kumwona kwa vipande, nusu uso, kisha robo, kisha kanga tu. Mwishoni akabaki bibi harusi. Akamwingiza. Tukasikia komeo.

Rajabu alisubiri kidogo. Kisha akagonga kwa kidole.

"Mama?"

"Nani?"

"Ni mimi, Rajabu."

"Duka limefungwa. Zunguka uani, ubwabwa unapoa."

Watu walicheka hadi wengine wakashikilia nguzo. Rajabu naye alicheka, akaikunja futi yake, akatazama mvua, akaanza kuinua kola ya shati.

"Usikimbie, mwanangu," Nestori akamwambia, akikanyaga cherehani. "Fuata mabaraza. Hutalowa mpaka pale kwenye kona."

Kutoka siku ile mabaraza mengine yamekatwa. Ukitembea sasa mvua inakupata mara nyingi kabla ya kona, na maduka ya vioo yana vidato vya vigae vinavyoteleza. Fundi Bukuru amerudi Munanila kwenye migomba yake, na pima maji ya njano aliniachia mimi. Alisema macho yake yanamtosha. Mimi sijaitumia shambani, maharage hayajali.

Siku za soko nikiwa Kasulu jioni, hupita barazani kwa Bi Zuhura. Huwa nimesimama nje anapofunga, endapo ubao utavimba. Haujavimba bado. Nestori huniuliza kwa nini nasimama kama mlinzi wakati nimestaafu. Bi Zuhura, akiwa nusu uso nyuma ya mbao, huniuliza kutoka ndani kama zimekaa sawa.

Na mimi, mbele za watu wote wa barabara ile, humjibu kwa sauti.